Simu: Fedha Isiyo na Alama

Barabara itokayo Dumila kuelekea Kilosa hupita Msowero, kata ya wakulima wa mahindi na mpunga, wanakoishi Wakaguru, Wasagara na wageni wa makabila mengi walioitwa na ardhi yake. Si pwani, wala harufu ya bahari haifiki huko. Hata hivyo, anayetaka kulichungua neno moja la Kiswahili lisilokauka vinywani mwa watu kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, anaweza kuanzia papo hapo, kando ya barabara, chini ya mwavuli wa rangi kali ambapo kijana mwenye kimeza huuza laini. Mteja huketi, hutaja namba ya kitambulisho chake cha taifa, hubonyeza kidole juu ya kioo kidogo, kisha hupewa kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa dole gumba, chenye doa la rangi ya dhahabu. Kipande hicho Waingereza hukiita SIM. Chombo kinachokipokea Waswahili hukiita simu.

Sauti za maneno hayo mawili zimekaribiana mno, hata watu wengi, na waliosoma wakiwa miongoni mwao, wamekata shauri kwamba la pili ni mtoto wa la kwanza. Husema kuwa Kiswahili kiliipokea SIM kutoka kwa mzungu kikaitia irabu mwishoni, kama kilivyofanya kwa basi na shati. Dai hili husikika Msowero, husikika Darajani, husikika Kisumu, na kila likisikika neno lenye umri mkubwa hunyang'anywa zaidi ya miaka mia moja ya uhai wake. Kwa mtu asiyejali lugha hasara hiyo si kitu. Kwa taifa la watu ambao kila leo huambiwa kwamba lugha yao haina maneno ya elimu na ufundi, hasara hiyo ni kubwa.

Ni haki kwanza kuisikiliza SIM yenyewe. Ni herufi tatu zinazosimamia maneno matatu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kipande cha kumtambulisha mteja aliyejiandikisha. Kadi za kwanza za aina hiyo zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient, iliyoasisiwa Leipzig mwaka 1852, na kazi iliyoipa sifa tangu karne ya kumi na tisa ni kuchapa noti za fedha. Wateja wake wa mwanzo walikuwa Radiolinja wa Finland, nchi ambayo mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, ilipigwa simu ya kwanza katika mtandao wa GSM. Ndani ya kadi mna namba isiyozidi tarakimu kumi na tano, nayo kwa laini za Tanzania huanza na 640. Na mna pia siri moja, namba ndefu isiyotoka nje ya kadi abadani.

Namna siri hiyo inavyotumika haiwezi kuwa ngeni kwa aliyelelewa na bibi. Mnara hutega kitendawili: huipelekea kadi namba yoyote iliyookotwa kwa bahati nasibu. Kadi huichanganya namba hiyo na siri yake, hupiga hesabu, hurudisha jibu. Mnara nao, kwa kuwa nakala ya siri imehifadhiwa katika makao ya mtandao, huwa umeshapata jibu lake pembeni. Majibu yakilingana mlango hufunguliwa. Yasipolingana, mtu huachwa nje bila hata kupewa mji. Siri yenyewe haikutamkwa hewani, na kesho kitendawili kitakuwa kingine.

Hiyo ndiyo SIM, na mwaka wake ni 1991. Sasa lau simu ingekuwa mwanawe, ingebidi izaliwe baada ya hapo. Lakini Watanzania waliokuwa watu wazima wakati huo walikuwa wakipanga foleni katika ofisi za Posta na Simu, shirika lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Na kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inalo neno simu kwa maana ya habari ziendazo kwa waya, miaka hamsini na miwili kabla ya Wajerumani kuikata kadi yao ya kwanza. Mtoto hamtangulii mzazi. Kesi ingeweza kufungwa hapa, ila uzuri wa neno hili hauko katika kesi. Uko katika njia lililopita.

Njia hiyo, kwa upande wa pwani, hupitia baharini. Mwaka 1879, Sayyid Barghash akiwa katika kiti cha Unguja, kampuni ya Kiingereza ilitandika waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kwenda Msumbiji na kusini hadi Durban. Haraka yao haikuwa kwa ajili ya Unguja. Januari ya mwaka huo Wazulu waliwapiga Waingereza pale Isandlwana, na habari zikachukua majuma kufika London. Serikali ikaona aibu na hatari ya kuwa mbali kiasi hicho na vita vyake yenyewe. Unguja ikawa kituo njiani. Baadaye, mwaka 1890, waya mwingine ukavushwa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Jengo la kampuni ya waya lilijengwa Shangani mkabala na bahari, na leo lile jengo ni hoteli.

Waungwana wa mji hawakuchukua muda kuelewa nguvu ya kitu kile. Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwain alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila idhini ya Waingereza, balozi wao hakuthubutu kufyatua hata mzinga mmoja kabla ya kuuliza London. Aliuliza kwa waya, akajibiwa kwa waya. Asubuhi ya tarehe 27 kasri likapigwa, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, na mamia ya watu wakawa wamekufa au kujeruhiwa. Huyo Khalid ni mwana wa mfalme ambaye waya ule uliletwa katika zama zake. Kabla ya 1879 swali kama lile lingesafiri kwa meli, na katika majuma ya kungojea jibu huenda watu wangepatana.

Kitu kile kipya kilihitaji jina. Kiarabu kingeweza kutoa *barqi*, umeme wa radi, na Wahindi wa Mji Mkongwe walikuwa na *tar*, uzi au waya. Kiswahili kikachukua neno la tatu, *sim*, ambalo asili yake ni Kiajemi na ambalo Waarabu wa Ghuba na wa Iraki walikwisha kulifanya lao kwa maana ya waya. Si ajabu. Pwani hii imekuwa ikila na kulala na maneno ya Kiajemi bila kuyaona: bandari ni la huko, serikali, rangi, pamba na darubini vivyo hivyo, na hilo la mwisho limeundwa kwa mbali na kuona. Mengi yalikuja mikononi mwa Waarabu na Wahindi kuliko mikononi mwa Waajemi wenyewe, kama bidhaa inayobadilisha jahazi mara mbili kabla ya kushushwa Forodhani.

Lakini kwa Mwajemi *sim* haikuanza kuwa waya. Ilianza kuwa madini: fedha, ile nyeupe, ndugu wa dhahabu. Kutoka fedha ikawa uzi wa fedha, kutoka uzi wa fedha ikawa waya wa kila namna, pamoja na nyuzi za ala za muziki. Washairi wao, wanapotaka kuutaja utajiri kwa ujumla, husema *sim na zar*, fedha na dhahabu. Mpenzi wa Kiswahili hapa hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa *zar* nayo anayo nyumbani: ni zari, uzi wa dhahabu unaotarizi kashida na majoho ya harusi. Hivyo ndugu wawili waliotoka nyumba moja ya Kiajemi walishuka pwani hii kila mmoja kwa safari yake. Mmoja akaenda kwa mshonaji wa majoho, wa pili akaenda kwa mpiga waya, na hawakukumbushwa kwamba ni ndugu.

Nyuma ya Kiajemi cha leo kuna Kiajemi cha kale, ambacho fedha kiliiita *asem*. Nalo hilo wataalamu wa asili ya maneno hulirudisha kwa Wayunani, kwenye neno *asemos*, ambalo maana yake ni kisicho na alama. Ilikuwa sifa ya fedha ambayo haijapigwa chapa, fedha ya vipande na mikuo isiyobeba sura ya mfalme wala jina la mji. Fedha isiyo na alama haina mwenyewe anayejulikana. Aliyeishika mkononi ndiye mwenyewe. Msomaji aliweke neno hili pembeni, litahitajika kabla ya makala kwisha.

Upande wa bara waya ulikuwa na historia yake, tena ya zamani kuliko nguzo za Mjerumani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Usagara, ikakata mbuga ya Mkata, ikapanda milima kuelekea Mpwapwa na Ugogo. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, alieleza kwa urefu bidhaa zilizokuwa zikibebwa mabegani: nguo, ushanga na waya. Waya mnene wa shaba nyeupe aliutaja kwa jina lake la msafarani, masango, na akaeleza vitindi, yale mapingili ya waya uliosokotwa yaliyovaliwa mkononi. Kwa waya mtu alilipa hongo ya njia, alinunua chakula, alioa. Kwa hiyo mababu wa watu wa Kilosa waliujua waya kama mali kabla hawajaujua kama mjumbe. Ulikuwa hauongei, lakini ulihesabika.

Ndipo ilipotokea sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki ile michezo ambayo maofisa wa kikoloni waliiita wizi. Wanandi wa Kenya waliukata waya wa simu wakaufanya mapambo, na serikali ikaingia hasira kwa kuwa habari zilikatika. Kila upande ulikuwa na mantiki yake. Mmoja aliona maneno yanayopita, mwingine aliona mali iliyoning'inizwa hewani bila mlinzi, na haikumjia akilini kwamba kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuitundika mali mitini maili kwa maili kwa sababu ya mazungumzo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro Desemba 1907 na Kigoma Februari 1914. Kilosa iliunganishwa katikati ya miaka hiyo, na pamoja na mataruma zikaja nguzo, na juu ya nguzo simu. Tangu hapo mji ule ukawa mdomo wa vijiji vinavyouzunguka. Mtu wa Msowero aliyefiwa na ndugu Tabora, au aliyekuwa na mwana kwenye mkonge wa Tanga, habari yake ilifika Kilosa kwanza, kisha ikamalizia njia kwa miguu. Na mto ulipokasirika njia ilikatika: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliichukua reli kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Lakini wakati huo habari hazikuwa zikingoja tena reli.

Mazoea ya simu ya waya yaliacha alama katika lugha. Kwa nini simu hupigwa, wala haiitwi, haitumwi, haisemwi? Kwa sababu mwanzoni kwa kweli ilipigwa: kidole cha karani kilikigonga kitufe cha shaba, kifupi na kirefu, kama mkono unavyoigonga ngoma. Kitenzi kikabaki hata kitufe kilipoondoka. Mambo yalipobadilika zaidi, na sauti zikaanza kuja bila waya, watu hawakulitupa neno. Walilipa mkia tu, wakasema simu ya upepo. Kwa mantiki ya asili hiyo ni kusema waya wa upepo, na ni mashairi matupu, ingawa mtunzi wake hajulikani. Waajemi walipofika hapo hapo walikwenda njia ya pili. Chombo kisicho na waya wamekiita *bisim*, yaani bila simu.

Kulikuwa na bei pia, na bei ilifundisha utunzi. Simu ya maandishi ililipiwa kwa kila neno, hivyo maskini na tajiri walijifunza kupembua. Mtu hakuandika salamu za kurasa mbili. Aliandika kwamba baba ni mgonjwa, njoo. Mshairi aliyezoea kuhesabu mizani alikuta karani wa posta naye anahesabu, kila mmoja kwa kipimo chake. Hesabu hiyo ikarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, akitafuta urefu wa ujumbe mfupi wa simu, aliona kwamba herufi 160 zinatosha mtu kusema analotaka. Hakuwa na habari za tathlitha wala tarbia. Lakini beti ya shairi la mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja ina mizani 64. Mizani nyingi ni za herufi mbili. Zikiongezwa nafasi kati ya maneno, jumla huzunguka 150 na kitu. Beti moja huingia katika ujumbe mmoja, labda mtunzi awe mpenzi wa silabi nzito. Washairi wa visiwani na wa Mrima ambao zamani walijibizana kwa barua kupitia kurasa za *Mambo Leo*, gazeti lililoanza mwaka 1923, wangeipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili.

Simu za mkononi zilifika Tanzania mwaka 1994 kwa Mobitel, na Zantel ikaanzishwa Unguja mwaka 1999. Kenya wenye kutunga istilahi walipendekeza rununu, wengine simu tamba, na maneno hayo yangali vitabuni. Barabarani watu walichagua simu peke yake, na walifanya vyema. Kwa kadi yenyewe, Kiswahili hakikuchukua SIM ila kwa nadra, kilisema laini. Na laini ni mstari, ni uzi, ni waya wa kampuni ya simu uliokuwa ukivutwa hadi nyumbani kwa mwenye uwezo. Kwa hiyo Mswahili wa Msowero anapotia laini katika simu, kwa herufi na kwa asili anatia waya ndani ya waya, katika chombo ambacho fahari yake yote ni kutokuwa na waya. Mwajemi wa leo naye huandika *sim-kart*, na kwa macho yake ni kadi ya waya au kadi ya fedha. Maneno mawili yasiyojuana, moja la kale na moja lililokatwa kutoka herufi tatu, yamekutana katika kipande kimoja cha plastiki, nalo lile doa lake la dhahabu ni dhahabu kweli, iliyopakwa nyembamba mno ili shaba iliyo chini isipate kutu.

Fedha nayo ikarudi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na vocha ya mkulima, karo ya mtoto, mchango wa maziko, vyote vikaanza kupita katika kile kipande. Kilichotengenezwa mwanzo na wachapaji wa noti kikawa mkoba wa noti. Kiswahili, ambacho kwacho fedha ni madini na fedha ni sarafu bila kutofautisha, kilikuwa kimejiandaa kwa hali hiyo muda mrefu.

Mkoba, lakini, hutaka kujulikana mwenyewe. Usajili wa laini ulianza nchini mwaka 2009, ukatiwa nguvu na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na mwaka 2019 ukaongezwa sharti la alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa Desemba 31, 2019. Ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Sababu zilizotolewa si za kubeza: utapeli ulikuwa umekithiri, na wazee walitapeliwa akiba zao na sauti zisizo na jina. Lakini katika majuma yale misururu ilijaa kwenye ofisi za vitambulisho, na aliyekuwa mbali na ofisi, au ambaye namba yake haijatoka, alikuwa katika hatari ya kupoteza sauti na fedha kwa mpigo mmoja. *Asemos*, kisicho na alama, ndilo neno lililozaa *sim*. Na sasa simu bila alama ni kipande cha plastiki kisichojibiwa na mnara wowote.

Chini ya mwavuli, pale Msowero, kazi hii haimalizwi sawa kwa watu wote. Mwanafunzi hubonyeza mara moja akaondoka. Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini ana vidole vilivyosuguliwa na mpini hata mistari imelala, na kioo hakisomi. Kijana humwambia afute kidole. Hukifuta kwenye shati, hubonyeza, mashine inakataa. Wanajaribu cha pili, kisha cha mkono wa kushoto. Mtu wa nyuma yake anasogea ili apate kivuli, na mzee anaitazama ncha ya kidole chake kwa karibu, kama anayetafuta kitu alichokiweka pale zamani.